Nani Aruhusiwe Kurudisha Picha Nyuma? Mjadala kutoka Ndera

Ndera, sekta ya wilaya ya Gasabo mashariki mwa Kigali, ina majirani wawili wasiofanana hata kidogo. Upande mmoja ipo hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa mwaka 1968 na Mabruda wa Upendo, ambako familia kutoka kila pembe ya Rwanda hupeleka wagonjwa wao. Upande wa Masoro lipo Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali: maghala, viwanda, karakana inayounganisha magari ya Volkswagen tangu 2018, na uwanja wa BioNTech ambako jiwe la msingi la kiwanda cha chanjo liliwekwa Juni 2022. Kwenye ghala, kamera hulinda mzigo. Mahali pa tiba, kamera humtazama binadamu katika saa ambayo asingependa kuonwa na mtu. Programu inayoziendesha huenda ikawa ileile, na ukurasa wa kugawa ruhusa za watumiaji ukawa uleule, wenye visanduku vilevile vya kuwekea tiki.

Kigali inaizungumza sana kamera ya barabarani, ile waliyoibatiza Sofia, kwa sababu Sofia hupiga faini. Kamera ya ndani ya geti haimpigi mtu faini, basi haiulizwi maswali. Mjadala huu ni juu yake. Nimewaketisha watu sita wa kubuni baada ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa ambayo bosi na kibarua hukaa benchi moja kujadili mambo ya mtaa: mama mwenye ghala Masoro, fundi wa kamera, mlinzi wa usiku aliyekulia Goma, muuguzi, wakili na mwalimu mstaafu. Hawasemi habari za ndani za taasisi yoyote iliyopo Ndera. Wanasema yale yanayosemwa kila mahali penye rekoda. Kiswahili kimewakutanisha kwa sababu mama hununua mali Mombasa na Dubai, na mlinzi hajapata lugha anayoimudu kuliko hiyo.

MWENYE GHALA: Naanza mimi, maana kamera ni zangu. Nimenunua kumi na sita, nimemlipa fundi, nalipa intaneti kila mwezi. Nikiwa Dubai nafungua simu, naliona geti langu la Masoro, namwona dereva kama ameshusha katoni zote. Leo nasikia eti nisiwe msimamizi mkuu wa kitu nilichonunua kwa jasho langu. Nani basi awe?

FUNDI: Hakuna anayekunyang'anya, Mama. Rekoda ni yako hata ikilala. Ninachosema ni juu ya akaunti unayoingia nayo kila siku. Rekoda ikiwashwa mara ya kwanza huunda mtumiaji mmoja anayeitwa admin, na huyo hafutiki. Anaweza kila kitu: kuongeza watu, kuwaondoa, kuzima kurekodi, kufomati diski, kubadili saa ili tukio la saa nne lionekane la saa sita. Ukiingia kwa jina lake asubuhi na jioni ili kutazama geti tu, basi umebeba hayo yote mfukoni. Simu ikiibwa pale kituo cha mabasi cha Remera, mwizi hajapata simu tu.

MWENYE GHALA: Kwa hiyo?

FUNDI: Kwa hiyo nakutengenezea akaunti ya pili, kwa jina lako. Inatazama kamera zote, inarudisha nyuma, basi. Neno la siri la admin unaliandika wewe kwa mkono wako, mimi nikiwa nimegeuka, unalitia kwenye bahasha, unaifunga, unaiweka kwenye sefu. Siku tukitaka kubadilisha kitu, bahasha inafunguliwa mbele ya watu wawili na neno linabadilishwa.

MLINZI: Bosi ana sefu. Sisi wa getini tuko wanne, tuna akaunti moja inaitwa "mlinzi" na neno la siri linafanana na jina. Ninapofika saa kumi na mbili jioni naikuta imefunguliwa, naondoka asubuhi naiacha imefunguliwa. Hivyo ndivyo kazi inavyokwenda. Mkinipa akaunti yangu peke yangu, kila zamu nifunge na kufungua, na umeme ukikatika nianze upya, mwizi atakuwa amesharuka ukuta mimi bado natafuta herufi kubwa.

Hoja ya mlinzi ni nzito kuliko inavyoonekana, na watu wa kompyuta huipuuza kwa sababu wao hawakeshi. Mfumo unaomchelewesha mtu wa zamu hudumu wiki moja. Wiki ya pili neno la siri limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya skrini. Nitairudia. Kwanza ni lazima tuvunje neno "ruhusa", maana wengi wetu tunalitumia kana kwamba ni kitu kimoja.

Programu ya kamera, hata ya rekoda ya bei nafuu, hutenganisha mambo haya: kutazama moja kwa moja, kurudisha nyuma yaliyorekodiwa, kutoa nakala kwenye flashi, kuisogeza kamera yenye shingo, kubadili mipangilio, na kuongeza au kuondoa watumiaji. Tena hutenganisha kamera kwa kamera: mtu anaweza kutazama kamera ya kwanza hadi ya nne, na kurudisha nyuma ya kwanza peke yake. Rekoda za Hikvision, kwa mfano, zina ngazi mbili chini ya admin, yaani opereta na mgeni, na ndani ya kila ngazi zipo tiki za kamera mojamoja. Programu kubwa kama XProtect ya kampuni ya Milestone ya Denmark huenda mbali zaidi: mtu huwekwa kwenye jukumu, na jukumu hupewa saa za kuingia, kikomo cha kurudi nyuma, hata sharti kwamba mtu wa pili aidhinishe kabla wa kwanza hajaingia. Uwezo upo. Kinachokosekana ni mtu anayekaa nusu saa kufikiri kabla ya kuweka tiki zote kwa mkupuo ili aende nyumbani.

MUUGUZI: Mimi naomba msinisahau, maana mnaongea katoni. Mgonjwa akianguka kifafa saa nane za usiku, nataka kumwona sasa hivi, bila kutafuta bahasha wala sefu. Lakini sina haja ya kumwona jana. Sina haja kabisa ya kumtoa kwenye flashi. Nipeni kutazama, kwa kamera za wodi yangu tu, kwa saa za zamu yangu tu. Kinachonitia wasiwasi ni wa juu yangu. Mkuu wa utawala ana cheo kunizidi, na kwa sababu ya cheo huwa anapewa kila kitu. Ana kazi gani na kitanda namba nne?

MWENYE GHALA: Dada, bosi asiyeona huibiwa. Mimi nimeibiwa mabati nikiwa ninaona, sembuse nisipoona.

MUUGUZI: Mabati hayaoni haya, Mama.

Hapo ndipo ulipo moyo wa mjadala, na msimamo wangu niuseme mapema: ruhusa zifuate kazi, zisifuate cheo. Katika jamii zetu jambo hili ni gumu kuliko linavyosomeka. Mkubwa akinyimwa tiki huona amevunjiwa heshima, na fundi kijana hathubutu kumwambia mkurugenzi kwamba yeye hastahili kurudisha nyuma picha za wodi. Matokeo yake orodha ya watumiaji hugeuka kuwa nakala ya mpangilio wa vyeo ofisini: aliye juu ana vyote, hata vile asivyovigusa mwaka mzima. Kila akaunti yenye uwezo usiotumika ni mlango ambao hakuna anayeulinda, kwa kuwa mwenyewe hapiti hapo kugundua kwamba umevunjwa.

Machi 2021 dunia ilipewa mfano. Wadukuzi walipata jina na neno la siri la akaunti ya msimamizi mkuu wa Verkada, kampuni ya Marekani inayouza kamera zinazosimamiwa kwa intaneti. Hawakuvunja kamera hata moja. Akaunti ile ilikuwa na uwezo wa kuingia kwa wateja wote, na kwa jina hilo moja walifikia kamera zipatazo 150,000: magereza, shule, viwanda vya Tesla, hospitali. Miongoni mwa waliotazamwa walikuwamo wagonjwa wa akili. Baadaye ikafahamika kwamba uwezo huo mkubwa haukuwa wa watu wawili watatu. Wafanyakazi zaidi ya mia moja walikuwa nao. Agosti 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana kampuni hiyo, ikailazimisha iweke mpango wa usalama. Wagonjwa waliokwisha kuonekana wamekwisha kuonekana.

WAKILI: Hapa Rwanda sheria haina utata juu ya hoja ya dada yetu muuguzi. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, ya kulinda taarifa binafsi na faragha, inaiweka hali ya afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Sura ya mtu kwenye kitanda cha hospitali ya akili inakueleza afya yake hata kabla hujasoma faili. Waliokuwa wakikusanya taarifa walipewa miaka miwili ya kujipanga, ikaisha Oktoba 2023. Anayesimamia ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, na taarifa zikivuja, mkusanyaji ana saa 48 kuiarifu. Mama, wewe pia ni mkusanyaji, hata kama unajiona mwenye mabati.

MWENYE GHALA: Na nisipojipanga?

WAKILI: Faini ya kiutawala inaanzia faranga milioni 2 hadi 5, kwa kampuni inaweza kuwa asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia. Na mtu binafsi anayezifikia au kuzitoa taarifa kinyume cha sheria anakabiliwa na kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na faini ya milioni 7 hadi 10, au mojawapo ya adhabu hizo. Majirani nao wamo: Kenya na Uganda zina sheria zao tangu 2019, Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Ukisema mzigo wako unapita Mombasa na Dar es Salaam, jua kwamba kamera zinazouangalia huko zina masharti ya namna hiyo hiyo.

FUNDI: Wakili, sheria nimeisikia. Lakini wateja wangu hawasomi sheria, wanasahau neno la siri. Kila baada ya miezi mitatu Jumapili nikiwa kanisani simu inalia: "Fundi, nimefungiwa nje." Ndiyo maana huwa najiachia akaunti yangu humo ndani. Ni kwa ajili ya huduma.

WAKILI: Wanajua kama umo?

FUNDI: (kimya kidogo) Hawaulizi.

Nimemwachia fundi aseme hivyo kwa sababu ni kweli ya kazi yake, na sidhani kwamba ni mtu mbaya. Ila kuna fundi wa kampuni ya ADT huko Texas ambaye Januari 2021 alikiri mahakamani alichokuwa akifanya. Alipokuwa akiwafungia watu mifumo majumbani, aliongeza anwani yake ya barua pepe kwenye orodha ya watumiaji wa akaunti zao. Wengine aliwaambia ni ya kufanyia majaribio kwa muda. Kwa miaka minne na nusu aliingia zaidi ya mara 9,600 kwenye akaunti za wateja wapatao 200, akiwatazama wanawake vyumbani mwao. Alifungwa miezi 52. Hakuwa mdukuzi, alikuwa mstari mmoja wa ziada kwenye ukurasa wa watumiaji, na ukurasa huo ulikuwa wazi kwa yeyote ambaye angejisumbua kuufungua.

MWENYE GHALA: Fundi, umo kwangu?

FUNDI: Nimo, Mama. Nitajitoa leo.

MWENYE GHALA: Na ile ya simu?

Swali hilo la pili ndilo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui kuuliza. Rekoda nyingi za siku hizi huunganishwa na simu kupitia huduma ya mtengenezaji, na huduma hiyo huifunga rekoda kwenye akaunti moja ya mwenye mali. Wengine wote hugawiwa kutoka hapo. Fundi mwenye haraka huifunga kwenye akaunti yake, kisha humgawia mteja. Kwenye simu ya mteja picha zinakuja, furaha tele. Siku fundi akihama, akigombana naye au akibadili namba, mteja hugundua kwamba kwa macho ya programu yeye ni mgeni kwenye geti lake. Kuirudisha rekoda ni safari ya barua na picha za risiti. Tendo la kuisajili kwa simu ya mwenye mali, yeye mwenyewe akiwa ameishika, halichukui dakika kumi.

MUUGUZI: Tumwache fundi apumue. Turudi kwa afande. Mimi naona mlinzi ndiye anayepewa kila lawama.

MLINZI: Asante dada. Nitawaambia kisa kinavyokuwa. Wateja wawili wanagombana getini, mmoja ni mtu mkubwa. Kesho yake video iko WhatsApp. Bosi anaita: nani ameitoa? Akaunti inasema "mlinzi". Mlinzi ni nani? Ni sisi wanne. Tunakatwa mshahara wote, au tunafukuzwa wote.

FUNDI: Basi umejijibu, afande. Ungekuwa na akaunti yako, kumbukumbu za mfumo zingeonyesha kwamba saa tatu na dakika kumi aliyetoa nakala ni fulani, na wewe ulikuwa umelala kwako Bumbogo.

MLINZI: (anafikiri) Hilo sikuliona hivyo.

MZEE MWALIMU: Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na heshima ya mtu nayo ni mali.

Mimi pia nilikuwa nikiziona kumbukumbu za mfumo kama jicho la bosi juu ya wadogo. Katika kuandika mjadala huu nimeona upande wa pili: anayezihitaji zaidi ni mdogo, kwa kuwa mkubwa husadikiwa hata bila ushahidi. Zipo programu ambazo haziandiki nani alitazama nini mpaka uziamuru. Huandika mabadiliko ya mipangilio tu. Kwa hiyo walinzi wakidai kitu kimoja kwa mwajiri, wadai akaunti ya kila mtu na kumbukumbu zilizowashwa. Tatizo la kuchelewa ambalo mlinzi alilitaja mwanzoni lina dawa: skrini ya kutazama moja kwa moja iachwe wazi saa zote, maana anayeketi mbele yake amewekwa pale ili aitazame. Kinachodai jina na neno la siri ni kurudisha nyuma. Mwizi anayeruka ukuta anaonekana moja kwa moja. Hakuna mlinzi anayemkimbiza mwizi wa jana.

WAKILI: Na kutoa nakala?

MLINZI: Hapo mnitoe kabisa. Sitaki flashi mkononi mwangu.

FUNDI: Lakini tusiifanye ngumu mno. Piga hesabu ya mfano: kamera nane, kila moja ikituma megabiti mbili kwa sekunde, zinakula karibu gigabaiti 170 kwa siku. Diski ya terabaiti nne inajaa katika siku 23 hivi, kisha inaandika juu ya za zamani. RIB, wale wa ofisi ya upelelezi, wakija siku ya ishirini na tano wakiuliza ajali ya getini, picha imekwenda. Lazima awepo mtu wa karibu mwenye uwezo wa kuitoa kwa wakati.

MWENYE GHALA: RIB wakija mimi nawapa rekoda nzima wakae nayo.

WAKILI: Ukiwapa rekoda nzima umewapa dereva wako akifunga viatu, mke wa mdogo wako akishuka kwenye gari, na watoto wa jirani. Ofisi ya upelelezi ikihitaji picha, wakuandikie barua itakayotaja kamera, tarehe na saa. Mtu mmoja aliyeteuliwa anatoa kipande hicho, wa pili anashuhudia, inaandikwa kwenye daftari: nani aliomba, nani alitoa, nani alipokea. Hiyo haiwazuii kufanya kazi. Inawasaidia, kwa sababu kipande chenye historia inayojulikana kina nguvu mahakamani kuliko flashi iliyozunguka mifukoni.

MUUGUZI: Na wodini?

WAKILI: Wodini ningetaka watu wawili hata kwa kurudisha nyuma. Kiongozi wa wauguzi na mtu wa nje ya wodi, kila mmoja na neno lake la siri, wote wawepo ndipo ifunguke.

MLINZI: Kwenye ghala mtakesha.

WAKILI: Kwenye ghala sihitaji. Ndiyo maana nasema tusitafute sheria moja ya kamera zote.

Wakili amenigusa hapo. Makosa mengi ya mipangilio hutokana na kuiga: fundi aliyezoea maduka huipanga zahanati kama duka, na aliyesoma masharti ya benki humfungia mwenye kibanda kama benki. Ndera inafaa kwa mjadala huu kwa sababu mahali pa mzigo na mahali pa mgonjwa pameshikana. Kwenye ghala swali kubwa ni nani anaweza kufuta au kuzima, maana mwizi wa ndani hutaka picha zisiwepo. Mahali pa tiba swali kubwa ni nani anaweza kuona na kutoa, maana dhara ni picha kuwepo mikononi mwa wasiostahili. Mfumo uleule, hofu mbili zinazovutana. Kwa mwenye ghala, mnyang'anye mlinzi uwezo wa kugusa mipangilio na umwachie macho. Kwa muuguzi, mwachie macho ya sasa na uyafumbe ya jana. Pembe ya choo na ya kubadilishia nguo zifunikwe kwa kiziba picha, yaani kipande cheusi ambacho programu hukiweka juu ya picha, na ruhusa ya kukiondoa asipewe mtu wa zamu yeyote.

MUUGUZI: Kuna kitu kimoja hamjakisema. Mtu mwenye kutazama tu, bila kurudisha, bila nakala, anaweza kuinua simu yake na kuirekodi skrini.

(Kimya.)

FUNDI: Hilo programu hailiwezi.

MUUGUZI: Najua.

FUNDI: Kuna zinazoandika jina la mtumiaji kwa herufi hafifu juu ya picha, ili video ikivuja ionekane ilitokea kwenye akaunti ya nani. Na rafu ya kuachia simu mlangoni mwa chumba cha skrini. Zaidi ya hapo ni kumjua unayemwajiri na kumlipa vizuri.

Fundi amesema kweli, na nampenda kwa kutouza kitu asichonacho. Tiki hazitengenezi uaminifu. Zinapunguza idadi ya watu ambao inakubidi uwaamini, na kwenye jengo lenye wafanyakazi mia hiyo si kazi ndogo.

MZEE MWALIMU: Mimi naomba neno, kisha nitanyamaza. Nyinyi vijana mnaongea kama hatari ni mwizi au mbea wa WhatsApp. Sisi wa umri wangu tunajua kingine. Zamani kadi ya kitambulisho iliandikwa kabila la mtu. Wabelgiji waliianzisha miaka ya 1930, watu wakaizoea kama karatasi ya kawaida ya ofisini. Aprili 1994 karatasi hiyo iliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Hata hapa Ndera, waliokuwa wamekimbilia hospitali waliuawa baada ya askari kuwachukua wageni na kuwaacha wao peke yao. Silinganishi kamera na kadi. Nasema taarifa iliyokusanywa kwa nia njema humngojea yeyote atakayeikuta. Kwa hiyo nikiambiwa kuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kuona kila sura iliyopita kila geti, siulizi huyo mtu ni mwema kiasi gani. Nauliza baada yake anakuja nani.

Baada ya maneno hayo hakuna aliyetaka kurudi kwenye megabiti upesi, nami sikuwalazimisha.

MWENYE GHALA: Mwalimu, nimekusikia. Lakini mimi bado nitatazama geti langu nikiwa Dubai.

MZEE MWALIMU: Tazama, mama. Nani kakukataza kutazama geti?

MWENYE GHALA: Na kurudisha nyuma.

FUNDI: Na kurudisha nyuma, siku saba. Zaidi ya hapo tufungue bahasha.

MWENYE GHALA: Siku kumi na nne. Meli yangu ikichelewa Mombasa, malori yanakuja wiki ya pili.

FUNDI: Kumi na nne.

Nimeridhika na mapatano yao kuliko na hotuba yangu mwenyewe. Mwenye ghala hakushindwa. Ameeleza kazi yake, na kazi yake imempa siku kumi na nne. Muuguzi hakuomba cheo; ameeleza kazi yake, na imempa macho ya sasa peke yake. Mlinzi amepata jina lake kwenye mfumo, ambalo ni ulinzi wake. Anayetoka bila kitu ni mkuu wa utawala ambaye hakuwepo kwenye benchi, naye akitaka tiki ya wodi, aje aseme anaihitaji kwa kazi gani. Akiwa na jibu, apewe. Akijibu kwa kutaja wadhifa wake, asipewe.

Hukumu yangu kwa wanaonunua kamera Masoro, Nyamirambo, Goma, Kariakoo au Eastleigh ni hii: bei ya kamera isiwe jambo la kwanza mnalomuuliza fundi. Mwulizeni akaunti ya mwenye mali itasajiliwa kwenye simu ya nani, admin atakaa wapi, na nani ataweza kutoa nakala. Asiyekuwa na majibu hayo msimpe kazi. Nawe uliye na rekoda tayari, ingia leo kwenye ukurasa wa watumiaji, usome majina yaliyomo moja baada ya jingine, na jina ambalo huwezi kulieleza kazi yake lifute.